Mwenyeji Aumie Kwanza

Pamba hii niliikusanya kwa ufagio, Ngudu,
sakafuni mwa kiwanda cha kuchambulia, mwisho wa msimu:
vumbi la nyuzi fupi lisilofaa uzi wala godoro.
Meneja akacheka, "Beba, dada, na panya wake ubebe."
Nikaichemsha kwa magadi makali hadi ikatema nta,
nikaianika dirishani Nyegezi,
ziwa likiwa chini pale, jeupe kama bati la mchana.

Unyuzi wa pamba ni mnyororo wa sukari
zilizoshikana mikono zikakataa kuyeyuka.
Ng'ombe anaijua siri yao. Mimi nina chupa.

Watu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hawasemi kwamba mwenyeji sharti aumie kwanza.
Chumvi ya seriamu, rangi ya ganda la chungwa,
naidondosha tone kwa tone,
inamng'oa mwenyeji kitu kidogo, chembe ya haidrojeni,
hapa, na kule mbali,
na palipong'olewa panabaki mkono mtupu unaotetemeka.
Mkono huo hauchagui. Ukikutana na hewa utashika hewa,
na kazi yote bure;
ndiyo maana natanguliza naitrojeni, nusu saa ya mapovu,
kama tunavyofukuza kuku kabla ya kuanika mtama.
Kisha akriliki, yenye harufu ya siki iliyokasirika.
Molekuli ya kwanza inashika mkono.
Ya pili inaishika ya kwanza.
Ya elfu haijui hata jina la pamba.

Rangi ya chungwa inafifia. Hapo najua wameumana.

Mara ya nne umeme ulikatika saa tisa usiku.
Lukelesha, mlinzi, akaja na tochi,
akachungulia ule uji uliopoa:
"Kila siku unapika, na hujawahi kupakua."
Nikamwaga. Nikaanza upya.

Kisha kuosha, na hapa ndipo penye ukweli.
Maana wako walioungana wao kwa wao tu,
minyororo iliyokua kando ya pamba bila kuigusa,
na ndani ya chupa wote walionekana ndugu.
Maji ya moto, siku nzima, yanawatoa.
Kilichobaki nakikausha, nakipima:
gramu mbili zimekuwa tatu na nusu.
Hiyo moja na nusu si kiraka.
Kiraka hushonwa juu, uzi ukikatika kinabanduka.
Hii imeota.

Mwezi wa tano mama alikuja mjini kutibiwa macho,
akapitia kwangu, viatu mkononi, akiogopa sakafu.
Nikaweka punje moja kisahanini, nikaimwagia maji.
Ikavimba ikawa jicho la sangara,
ikavimba tena ikawa ncha ya kidole gumba.
Akaibonyeza. Maji hayakutoka.
"Hii bado ni pamba?"
"Ni pamba, mama. Ina wageni."
Hakujibu. Aliomba za kujaza kiberiti,
akazifunga kwenye pindo la khanga pamoja na nauli,
kwa kuwa kwetu Kwimba mvua siku hizi
hubisha hodi na kuondoka kabla hujafungua.

Juzi alipiga simu.
Miche kumi ya nyanya aliyoizikia punje imesimama.
Mitano aliyoiacha hivihivi imelala chini.
Nikataka kushangilia, akanikatiza:
"Mgeni wako anakunywa sana, nami simnyimi.
Ila pamba naijua, nimeilima miaka arobaini. Pamba huoza.
Sasa mwenyeji akishaoza,
huyo mgeni atabaki kwa nani?"

Salio likakata, lake au langu.
Daftari liko wazi mbele yangu:
tarehe, uzito, joto, asilimia, vyote nimejaza.
Safu ya mwisho, nyembamba, imeandikwa Maoni.
Chini ya mawe ya Nyegezi ziwa linapiga, linarudi.
Kalamu ninayo.